Nimenunua bango halisi la Expo 58

Nilikuwa nalitamani bango la mchoraji Lucien De Roeck tangu nilipohamia Brussels. Nyota yake ya pembe tano zisizolingana inauzwa mjini hapa hadi kwenye vikombe, lakini nilitaka karatasi yenyewe, iliyochapwa kuwaita watu kwenye maonyesho ya dunia ya 1958.

Nimelipata kwa mzee mmoja mwenye duka dogo la karatasi za zamani. Kabla hata sijauliza bei alinionyesha kasoro zote: mikunjo minne, matundu ya pini kwenye kona, na kitambaa kilichobandikwa nyuma ili karatasi isiendelee kuchanika. Kisha akanipa kioo cha kukuzia na kuweka pembeni nakala ya siku hizi. Rangi za nakala zilikuwa vidoto vitupu. Za bango langu zimelala sawasawa, kama zimepakwa. Atakayekuuzia bila kukuruhusu kuangalia hivyo, muage.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba halina Atomium, jengo lililosimamishwa kwa ajili ya maonyesho hayo. Kila mtu anaikumbuka Expo ile kwa jengo hilo la mipira tisa ya chuma, lenye urefu wa mita 102, lakini De Roeck aliweka tufe la dunia na Jumba la Jiji pamoja na mnara wake. Ukilitazama unahisi mji mzima unakukaribisha.

Mimi ni mzaliwa wa Lubumbashi, kwa hiyo siwezi kuliangalia bila kukumbuka kijiji cha Wakongo kilichojengwa kwenye maonyesho hayo. Ndugu zetu waliwekwa nyuma ya uzio wa mianzi, watazamaji wakiwarushia ndizi na karanga. Mwezi Julai walikataa kudhalilishwa, wakadai kurudishwa nyumbani. Haikufika miaka miwili, Kongo ikapata uhuru. Wanangu wakiniuliza kuhusu nyota ile, nawasimulia na hayo.

Kilichoniudhi ni fremu. Fundi wa kwanza, si yule mzee, alilishika bango kwa selotepu na kuweka kioo cha kawaida. Nililipa mara ya pili nipate karatasi isiyo na asidi na kioo kinachozuia mionzi ya jua. Hesabuni gharama hiyo tangu mwanzo, na msilitundike mkabala na dirisha. Langu liko kwenye korido, na mzee ameahidi kunitafutia toleo la Kiholanzi.