Jiko la presha la umeme: maharage ndiyo, wali hapana

Wengi wananiuliza kama jiko la presha la umeme linapunguza kweli matumizi ya uniti. Linapunguza, ila si kwa kila chakula, na aliyekuuzia hakwambii hilo.

Langu ni la lita sita, wati 1,000. Nililinunua Darajani nilipokwenda Unguja, chini kidogo ya laki mbili, nikarudi nalo Chake Chake. Kabla yake nilikuwa na jiko la umeme la sahani mbili ambalo, siku ya maharage, lilikuwa linakula umeme wa TUKUZA (wa kulipia kabla, huku Zanzibar) kama mbuzi aliyeingia konde la mtu. Nina tabia ya kusoma mita kabla sijawasha na baada ya kuzima (mume wangu ananicheka). Nusu kilo ya maharage kwenye sahani ilikuwa inakaribia uniti mbili. Kwenye jiko la presha, maharage yaliyolala majini usiku kucha, haifiki nusu uniti.

Siri yake si wati kuwa chache. Kifaa cha wati 1,000 kikivuta umeme saa nzima bila kupumzika kinatumia uniti moja, na hili nalo ni hivyo hivyo. Ila halivuti saa nzima. Mvuke ukizuiliwa ndani, maji yanapita nyuzi 100 na kufika kama 115, kwa hiyo chakula kinalainika upesi. Presha ikishajaa, jiko linajikata lenyewe, na kwa vile sufuria imezungukwa na gamba linalohifadhi joto, linajiwasha kidogo tu, mara moja moja. Ukikaa karibu utasikia linavyolia "tik". Sahani yangu ya zamani ilikuwa inapasha joto chumba kizima pamoja na mpishi.

Vyakula vyangu vya jiko hili ni maharage, mbaazi, kunde, makongoro, ngano ya boko boko na pweza. Pweza hasa! Zamani nilikuwa nampiga mpaka mkono unauma kisha namchemsha mchana mzima. Sasa natia kikombe kimoja cha maji, maana mwenyewe anatoa maji mengi, dakika ishirini za presha, na ameiva. Mwezi wa Ramadhani hapo ndipo nilipoona faida yenyewe, kwa sababu kunde na mbaazi za futari zinaiva huku mimi nakuna nazi.

Nazi nayo ina masharti yake. Tui zito usilifungie humo, litakatika na mchuzi utakuwa na mabonge. Chemsha kwa maji au tui jepesi, presha ikishatoka fungua, ndipo utie tui zito na kulikoroga taratibu. Mama mkwe wangu alipoonja mbaazi za kwanza alisema, "Mwanangu, hizi zimeiva lakini hazijapikwa." Alikuwa na haki yake, nilikuwa sijaziacha zikachemka na tui. Siku hizi anakula, ila jiko lenyewe bado hataki kuligusa.

Wali naupika kwenye gesi. Muda wake ni mfupi, akiba yake ndogo, na mimi nataka ukoko. Chapati, samaki wa kukaanga na mkate wa kumimina wala usiviulize. Kwa hiyo usiuuze mtungi wako wa gesi. Chai pia iache kwenye birika la umeme, na utie maji ya vikombe mnavyohitaji tu: lita moja ya maji inataka takriban sehemu ya kumi ya uniti ichemke, na ukijaza birika kwa kikombe kimoja umelipia maji ya kupoa.

Sasa kasoro. Dakika unazobonyeza hazianzi kuhesabiwa mpaka presha ijae, hivyo "dakika thelathini" ni karibu saa moja ukijumlisha na kusubiri mvuke utoke. Jioni umeme ukipungua nguvu, presha inachelewa kujaa, kwa hiyo mimi napika mapema. Maharage usivuke nusu ya sufuria, povu lake huziba kitundu cha mvuke, na usiutoe mvuke kwa haraka. Liache lipoe lenyewe, joto lililobaki linamalizia kazi bila uniti hata moja. Likimaliza linahamia lenyewe kwenye kuweka chakula moto, na hapo litaendelea kuvuta kidogo kidogo hadi usiku kama hukuzima ukutani. Waya wa ekstensheni mwembamba, ule wa kuchajia simu, usiutumie. Chomeka ukutani moja kwa moja.

Mpira wa kifuniko ndio utakaokusumbua mapema zaidi. Unashika harufu, na ukipika pweza Jumamosi, ngano ya Jumapili itamkumbuka. Nauvua, nauosha kwa ndimu, nauanika. Ukinunua jiko, nunua na mpira wa pili siku hiyo hiyo, dukani hapo hapo, na uupime kwenye kifuniko chako kabla hujalipa, kwa sababu si kila mpira unakaa kwenye kila jiko, na huku Pemba kuutafuta ni kazi.