Miaka mitatu na pikipiki ya CC 150 kwenye njia za asali, Tabora

Mimi ni mnunuzi wa asali. Msimu ukifika natoka Tabora mjini alfajiri, nashika lami ya Sikonge, kilomita 70 na ushee, nasonga mpaka Ipole, halafu naacha lami na kuingia njia za mchanga kwenye kambi za wafuga nyuki. Kwenda na kurudi ni kilomita 250, siku nyingine 300, na ninarudi na madumu mawili ya lita 20 nyuma yangu. Pikipiki yenyewe ni ya CC 150, aina ambayo utaikuta imepangwa mbele ya duka kila mji. Niliinunua mpya, sasa imetembea kilomita 41,000.

Injini sina neno nayo. Haijawahi kufunguliwa, namwaga oili kila kilomita 1,500, na tangi la lita 11 linanifikisha na kunirudisha hata nikiwa na mzigo. Kwa bei yake, hapo nimeridhika kabisa.

Taabu inaanzia kwenye keria. Asali si maji: dumu la lita 20 la maji ni kilo 20, la asali linafika 28. Madumu mawili ni kilo 56, sawa na kupakia abiria. Keria niliyopewa dukani ni bomba jembamba lililoshikwa na boliti nne ndogo, na mwezi wa pili tu ilikatika nikiwa kwenye mchanga, dumu moja likapasuka. Asali ile niliinunua kwa mzee aliyepanda mti usiku, na moshi mkononi, kuifuata kwenye mzinga wa gome. Nilisimama naitazama inazama mchangani na sikuwa na la kufanya. Roho iliniuma, na mpaka leo nikipita pale naikumbuka.

Siku hizi najua kwamba pikipiki mpya ya mizigo hapa kwetu hupita kwanza kwa fundi wa kuchomelea: keria nzito, bampa ya kukinga injini, kipande cha bati chini ya stendi ya pembeni isizame kwenye kichanga. Wote tunalipia mambo yaleyale. Kiwanda kingeyafanya kwa chuma kilichopimwa, na fremu isingechomwa moto na kupoteza rangi pale inapoanzia kutu.

Kinachonigharimu zaidi ni cheni. Kuanzia Juni mpaka mvua zianze, vumbi la njia zetu ni laini kama unga. Ukipaka cheni oili, vumbi linanata, na mchanganyiko ule unasaga kama msasa. Usipopaka, inakauka na kulia. Nimeshabadilisha seti nzima, cheni na sproketi zake, yaani magurudumu ya meno inayozungukia, mara nne. Honda CG125 aliyokuwa nayo baba yangu ilikuwa na kasha lililofunika cheni yote, juu na chini, na sikumbuki akilalamikia cheni. Yangu ina kibati cha juu tu, cha kukinga suruali.

Mwaka jana nilikuwa Kigoma mjini nikakutana na msafiri Mjerumani mwenye BMW R 1250 GS. Haina cheni. Nguvu inakwenda gurudumu la nyuma kwa shafti iliyofungiwa ndani ya mkono unaoshika gurudumu hilo, vumbi haliioni. Akanionyesha na ringi zake: spoku zimeshikwa kwenye kingo za ringi badala ya katikati, kwa hiyo tairi halihitaji tyubu ingawa ringi ni ya spoku. Nilichuchumaa pale muda mrefu. Shafti siidai, ni nzito na bei yake si ya mtu wa asali. Lakini kasha kamili la cheni ni plastiki au bati tu, na cheni yenye vipete vya mpira vinavyofungia grisi ndani ya pini zake ni kitu cha kawaida kwenye pikipiki kubwa. Niongezewe bei kwa hivyo viwili, nitalipa siku hiyohiyo.

Halafu taa. Kwenye pikipiki yangu taa kubwa inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini, haipitii betri. Kwenye lami inawaka vizuri. Ukiingia mchangani usiku, ukashusha gia na injini ikazubaa, taa nayo inafifia, yaani giza linakuja wakati uleule unapotafuta njia ya kupitisha gurudumu. Na mbele yako kuna lori la tumbaku linalotimua vumbi, au ng'ombe wamelala barabarani. Nimeanguka mara mbili kwa sababu hiyo. Taa ya kupitia betri ingetakiwa itoke nayo kiwandani.

Siti ni ngumu baada ya kilomita 100. Niliishonea sponji nyingine na yakaisha.

Kwa kazi za mjini pikipiki hii inunue bila wasiwasi. Kwa safari za msituni, tenga pesa ya fundi mapema. Mimi nikienda kununua nyingine nitachuchumaa kwanza nitazame cheni imefunikwa vipi, kisha nimwombe muuzaji awashe taa, aachie mafuta, injini iungurume polepole, na mimi nikiitazama ile taa.