Agnostic Front, The American Dream Died: nimeipiga kwa spika mbovu na bado imetoka

Mie kazi yangu ni mitambo, nafunga spika za harusi hapa Malindi, kwa hiyo albamu naipima kwanza vile inavotoka, maneno nayaskiza baadaye. Na hii ya bendi ya Agnostic Front ya 2015 nasema wazi, sijapata albamu ya hadikoo (ile panki ya kasi na makelele) na metali inayotoka safi kwa spika mbovu kama hii. Nimeipiga kwa tuktuk ya jamaa yangu kutoka Maweni mpaka Casuarina, spika yenyewe koni ishapasuka kitambo, na bado gitaa unaliskia limeingia wapi limetoka wapi.

Sababu ni kwamba hawakujaza vitu. Hawa wazee walianza 1980 huko New York, Vinnie Stigma na gitaa lake, Roger Miret mzaliwa wa Kuba akaja kushika maiki, na albamu yao Victim in Pain ya 1984 ni kama robo saa tu, imeisha. Baadaye metali ikawavuta, 1986 ishaanza kuskika, 1998 wakarudi kwa panki ya mtaani, halafu sauti ikanenepa tena mpaka tukafika kwa albamu za Warriors ya 2007 na My Life My Way ya 2011, zote zimepita mkononi mwa Erik Rutan ambaye ni mtu wa deth metali kabisa, ile metali nzito ya kunguruma. Si mbaya zile, kwa hedifoni nzuri ni tamu wallahi, lakini zitie kwa ile tuktuk uone, gitaa na besi zinashikana mpaka teke la dramu hulijui liko wapi.

Hii ya 2015 aliyesimamia kurekodi ni Freddy Cricien wa bendi ya Madball, nduguye mdogo Roger, yule aliyekuwa akipandishwa jukwaani na kakake tangu mtoto, na naona alijua cha kuacha nje. Nyimbo 16, nusu saa haifiki. Police Violence hata dakika haimalizi, unainama kuchomeka waya ukiinuka wako kwa nyingine.

Ninayoipenda zaidi ni Never Walk Alone, manake wameita wenzao wa bendi zingine, Lou Koller wa Sick of It All, Toby Morse wa H2O, Freddy mwenyewe, wanapokezana, na wale wa nyuma wanaitikia kama wamama wa harusi wanavoitikia chakacha, huhitaji kujua maneno ndo uitikie.

Kasoro ziko. Katikati kuna nyimbo tatu nne zimefanana, ukiwa huko jikoni hujui ipi imeisha. Sauti ya Roger imechakaa, mie hainisumbui ila mwenye kutaka mwimbaji wa sauti tamu, asijisumbue. Na ile Old New York, ya kulilia mji wao wa zamani, nilidhani nitairuka, lakini mtu wa Malindi aliyeona ufuo ukigeuka hoteli za Wataliano huirudia.

Kingine, ni fupi kwa hivyo bando haiishi.

Ukiipiga usiongeze besi, iache vilevile, punguza kidogo ile sauti kali ya juu kama spika yako ni ndogo. Na nyumbani kwa bimkubwa baada ya Isha, mwanangu, weka hedifoni.