Vitabu vya Mama na Familia: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Anayetafuta vitabu kwa ajili ya nyumba yenye watoto hukuta rafu zimejaa, na kila jalada linaahidi jambo kubwa: hiki kitamwamsha mtoto akili, kile kitamlaza mapema, kingine kitamfundisha mama kulea bila kukosea. Kipimo ninachokitumia, baada ya kununua vingi na kujutia kadhaa, ni kimoja: kitabu hiki kitafunguliwa mara ngapi? Kitabu kinachosomwa mara moja na kurudishwa rafuni ni ghali, hata kama kilinunuliwa kwa bei ya chini, kuliko kile kinachosomwa usiku baada ya usiku mpaka pembe zake zikalegea. Mpangilio ufuatao, kuanzia cha kununuliwa kwanza hadi cha mwisho, umejengwa juu ya kipimo hicho.

Nafasi ya kwanza naipa kitabu cha picha chenye hadithi, ambacho mtu mzima hukisoma kwa sauti huku mtoto akitazama. Kwa kawaida huwa na kurasa 32, kwa kuwa karatasi ya mtambo wa uchapaji hukunjwa katika mafungu ya kurasa 8 au 16, na ufupi huo ndio nguvu yake, maana mama aliyechoka anaweza kukimaliza kwa dakika chache na mtoto akadai kirudiwe. Watafiti wa lugha waliolinganisha vitabu vya picha na mazungumzo ya kawaida ya wazazi na watoto wamekuta kwamba vitabu hubeba maneno ya aina nyingi zaidi. Jambo hilo halishangazi, kwani hakuna mzazi ambaye, akimvisha mtoto viatu, hutaja mawimbi, kobe au mfalme aliyepoteza taji.

Kabla ya kukinunua, kisome kwa sauti hapohapo dukani, walau kurasa tatu za mwanzo, bila kuona haya. Sentensi ikikukata pumzi mahali pasipo na kituo, au ulimi ukijikwaa kila mstari, ujue utajikwaa hivyo hivyo kwa miezi mingi. Kisha funika maneno kwa kiganja na utazame picha peke yake: je, zinasema jambo ambalo maneno hayakulisema? Mwanangu wa pili alikuwa na kitabu chenye picha ya jiko lenye shughuli nyingi, nami niliisoma kurasa ile mara nyingi nisizoweza kuzihesabu kabla hajaweka kidole chini ya meza na kunionyesha paka aliyekuwa amelala kivulini, mkia wake tu ukiwa nje. Maandishi hayakumtaja paka yule hata mara moja. Kuanzia siku hiyo hatukuweza kupita hapo bila kumsalimu.

Picha za namna hiyo zina faida nyingine. Mwaka 1988 mwanasaikolojia wa Marekani Grover Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti uliohusu watoto wa miezi 21 hadi 35, ambamo baadhi ya wazazi walifundishwa kuuliza maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana, kurefusha jibu la mtoto na kumwachia nafasi ya kusimulia, na baada ya majuma 4 tu watoto wao walikuwa wamewatangulia wenzao katika kujieleza. Kwa mnunuzi, maana yake ni kwamba kitabu kinachofafanua kila kitu chenyewe hakifai sana, na kile kinachoacha pengo la kuulizia kinafaa zaidi. Kuhusu lugha, sina shaka hata kidogo: nunua kwanza katika lugha ambayo mama huitumia kubembeleza na kukaripia, kwa kuwa ndiyo atakayoisoma kwa sauti ya kweli.

Cha pili, na kwa mwenye mtoto mchanga kinaweza kulingana na cha kwanza, ni kitabu cha kurasa za kadibodi ngumu. Mtoto aliyezaliwa karibuni huona vizuri vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani umbali wa uso wa anayemnyonyesha, na huvutwa na weusi unaokutana na weupe kuliko rangi hafifu. Kwa hiyo chagua picha kubwa, moja kwa kila ukurasa, zenye mipaka iliyo wazi. Pembe ziwe za mviringo, kwani mtoto wa miezi 6 hukionja kitabu kabla ya kukitazama. Viwili vinatosha, umri wenyewe hupita upesi.

Cha tatu ni mwongozo wa afya na malezi. Hapa nasisitiza mambo mawili: uwe mmoja, na uwe wa karibuni. Kurithi mwongozo kutoka kwa mama mkwe au dada ni desturi yenye upendo, lakini ushauri wa kitabu huzeeka, na ukizeeka unaweza kudhuru. Kitabu cha daktari Benjamin Spock, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1946 na kuaminiwa na mamilioni ya wazazi, katika matoleo yake kuanzia miaka ya 1950 kilishauri mtoto alazwe kifudifudi. Baadaye ilithibitika kwamba kulala hivyo kunaongeza hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto usingizini, na Marekani ilipoanzisha kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, vifo hivyo vilipungua kwa takribani nusu katika miaka iliyofuata. Karanga nazo zina historia ya aina hiyo. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri watoto wenye hatari kubwa ya mzio wasipewe mpaka wafike miaka 3, ushauri huo ukaondolewa mwaka 2008, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ukaonyesha kwamba kuwapa mapema, kwa namna iliyo salama, huwakinga wengi wao. Waandishi wa zamani hawakuwa wazembe. Waliandika yaliyojulikana wakati wao.

Basi fungua ukurasa wa haki za uchapishaji, utazame mwaka wa toleo, si mwaka wa kupigwa chapa upya, kwa sababu kitabu kinaweza kupigwa chapa leo kikiwa na maneno ya miaka 30 iliyopita. Kisha kitahini kwa maswali matatu. Sura ya usingizi iseme mtoto alazwe chali, juu ya godoro gumu na bapa. Sura ya chakula iseme maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kama Shirika la Afya Duniani linavyopendekeza, na asali isitolewe kabla ya miezi 12. Kikishindwa hata moja, kirudishe. Nakiongezea sharti la moyo: kitafute sura inayomhusu mama mwenyewe, huzuni baada ya kujifungua ikiwemo, na uone kama inazungumza naye kwa heshima au inamlaumu.

Cha nne ni kitabu cha mama peke yake, kisichohusu watoto hata kidogo. Wengi hukiweka mwisho wa orodha, au hawakiweki kabisa, na nadhani hilo ni kosa, maana mtoto anayemwona mama yake amezama kitabuni hujifunza kwamba kusoma ni jambo la watu wazima wanaojipenda. Umbo lake ndilo la kuangaliwa. Nilipokuwa nikinyonyesha nilizawadiwa riwaya nene yenye jalada gumu, nami nilishindwa kuishika kwa mkono mmoja. Ilianguka pembeni mwa kitanda mara mbili na kumwamsha mtoto, kisha ikakaa mwaka mzima bila kuguswa. Mama wa mtoto mchanga anunuliwe hadithi fupi au mashairi, jalada laini, sura zinazokwisha kabla ya maziwa kwisha. Kitabu cha kusikiliza kinafaa pia, hasa kwa mwenye mikono iliyojaa nguo za kukunja.

Cha tano ni riwaya ya kusomwa na familia nzima, sura moja kila jioni, kuanzia mtoto anapofika miaka 5 au 6. Watoto huelewa kwa kusikia hadithi ngumu kuliko wanazoweza kuzisoma wenyewe, hivyo usiogope kuchagua iliyo juu kidogo ya kiwango chao cha kusoma.

Atlasi na ensaiklopidia zinakuja za sita. Ni nzuri, lakini maktaba huziazima, na taarifa zake huchakaa. Cha mwisho kabisa ni kitabu cha vitufe vya sauti. Sauti humpokonya mama kazi ya kusoma, na vingi hutumia betri ndogo bapa mfano wa kifungo, ambazo mtoto akizimeza zinaweza kuunguza umio, yaani njia ya chakula kooni hadi tumboni, ndani ya saa 2. Ukikipokea kama zawadi, hakikisha kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu, na ikilegea kiondoe mikononi mwa mtoto siku hiyohiyo.

Chochote utakachochagua, kifungue katikati na kuchungulia mshono. Ukiona uzi, kurasa zimeshonwa na zitavumilia. Ukiona gundi tupu, kipanue taratibu, na kikitoa mlio wa kukatika, chukua nakala nyingine au tafuta toleo lililoshonwa.