Duka la khanga na vitenge Kariakoo: khanga chukueni, kitenge shikeni kwanza

Nilikuwa natafuta khanga za kitchen party ya mdogo wangu, nikaelekezwa duka moja la jumla na rejareja Kariakoo, upande wa Mtaa wa Kongo. Jina silitaji wasije wakanisaka. Kilichonifurahisha ni kwamba mzigo wa nje na wa viwanda vyetu umepangwa rafu moja, unashika huku unashika huku, hakuna kufichana.

Doti ya khanga ya ndani 13,000, ya India 10,000. Hapo nikamuuliza kaka muuzaji, mbona tunaambiwa khanga na vitenge vya kutoka nje ya Afrika Mashariki vinalipa ushuru 50%, sa inakuwaje cha nje ndo kiwe rahisi? Akacheka. "Dada angu we shika kitambaa, utapata jibu."

Nikashika. Hiyo ya nje imejaa wanga hadi inalia ukiikunja, ukiinyanyua kwenye mwanga vidole unaviona, jina limekaa upande na pindo moja nene kuliko jingine. Lebo inasema pamba tupu. Nikaomba tuchome uzi, akatoa kiberiti mwenyewe bila noma: wa khanga ya ndani ukaungua ukanuka karatasi, ukabaki majivu, wa ile nyingine ukayeyuka ukajikunja kakidonge keusi kagumu. Polista iyo! Zipo za India za pamba safi kabisa, bibi yangu anazo na hazijachuja, ila hizo huzipati kwa elfu kumi.

Na ndo ujanja wenyewe ulipo, maana ile 50% inapigwa kwenye thamani iliyotangazwa bandarini, kwa hyo kitambaa kikiwa cha hovyo, au kikitangazwa bei ya kutupa kama wenye viwanda wanavyolalamika kila siku, nusu yake nayo ni ya kutupa. Mawaziri wa fedha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) wanakaa kila mwaka kabla ya bajeti za Juni kubishania asilimia, viwango vinaanza Julai mosi, polista inaendelea kushuka kwenye makontena kama kawa.

Mitumba angalau inapimwa kwa kilo, 35% au senti 40 za dola kwa kilo, inayozidi ndo unalipa. Ila na yenyewe mnakumbuka ilivyokuwa, 2016 marais wa EAC wakakubaliana iondoke taratibu, Rwanda ikapandisha ushuru wake kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo, wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakaenda kushtaki kwa serikali yao, tukatishiwa kutolewa AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa za Afrika Marekani bila ushuru. Kenya ikajitoa mapema, sisi na Uganda tukarudi nyuma, Rwanda ikakomaa na 2018 ikasimamishiwa kuuza nguo Marekani bila ushuru. Khanga haina mtu wa kuigombania Washington kihivyo, kwa hyo kuiwekea ushuru wa kiwango cha kwa mita sioni kwa nini iwe ngumu, mi ningeanza na hapo kabla ya kubishana asilimia.

Turudi dukani. Kitenge cha ndani hapa kimeniangusha, rangi nzuri lakini nilipolowesha kipande kwenye maji ya chumvi bluu yote ikahamia kwenye beseni, alafu michoro ni ileile ya miaka yote, kila harusi unakutana nayo. Cha China kilikuwa na michoro mipya na bei ya kueleweka, nikachukua hicho, mnisamehe wazalendo.

Huduma safi, wanakuita dada hata kama hununui, ukichukua doti nyingi wanakushushia bila kulialia, lipa namba ipo, fundi wa kukata na kupinda yuko hapohapo kibarazani ila foleni yake nendeni asubuhi. Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya ile lebo, muuzaji anajua ni uongo na bado imening'inia pale.