TAHADHARI: mpira wa boling "mpya" niliouziwa dola 240 hapa Dallas

Jamani, tangu Jumapili sijalala vizuri. Wa ligi ya boling ya Jumatano mliniona nikianguka kwa alama wiki tatu mfululizo, mkadhani mkono umeniharibikia. Mkono mzima. Nimetapeliwa, tena na muuzaji na mtoboaji wa mipira aliyenikaribisha chai nyumbani kwake.

Sikuingia kichwa kichwa. Alinitazama nikirusha mara tano, akachukua mpira wangu wa zamani, akaufuata mstari ulioachwa na mafuta ya sakafu kwa kalamu ya nta, akaweka rula na kuipata nukta ya mhimili wangu, pale mpira unapozungukia nikiurusha: inchi 5 na robo kulia kwa mshiko, nusu inchi juu. Alipima sawasawa, hilo simnyimi. Akanipima vidole kimoja kimoja. Akasema, "Kaka, kidoa cha pini nakiweka inchi 4 kutoka kwenye mhimili wako, utakata kona mpaka ushangae." (Kidoa hicho ni alama ya rangi inayoonyesha kilipo kiini, ule uzito uliofichwa ndani ya mpira.) Mtu anayekwambia hivyo kwa Kiswahili cha Mombasa, huku ugenini, utamshuku kwa lipi? Nikalipa. Akaingia gereji na mpira mpya kuutoboa matundu ya vidole, akafunga mlango, eti vumbi la resini linaharibu mapafu. Nikabaki sebuleni na mahamri yangu, nasikia drili inanguruma, moyo mweupe kabisa.

Mpira ukatoka unang'aa, kidoa cha njano juu kidogo kulia kwa kidole cha pete, pale pale alipoahidi.

Uwanjani ukawa gogo. Unapita futi 40 za sakafu iliyopakwa mafuta, na pale unapotakiwa kuuma sakafu kavu, unanyooka tu. Nikalaumu kiganja, nikasogeza miguu, nikapunguza kasi. Na kila nikiuokota naona pete moja tu ya mafuta, nene. Kiini kikikaa panapotakiwa, mhimili unahama kila mpira unapozunguka, pete zinatawanyika, sakafu inaguswa na ganda kavu kila mara. Wangu ulikuwa unarudia pale pale penye mafuta. Niliiona hiyo pete wiki ya kwanza, nikanyamaza!

Jumapili nikaufuta kwa spiriti, mara ya kwanza. Tishu ikawa njano. Nikasugua tena, kidoa chote kikahamia kwenye tishu. Nikauzungusha chini ya taa ya jikoni. Upande wa kulia rangi nyeusi nayo ikaachia, kikatokea kidoa cha kweli. Nikapima: hakijafika hata inchi 1 kutoka kwenye mhimili wangu. Hapo kiini hakina la kufanya, pete zitatawanyikaje? Halafu miduara mitatu, weusi wake haufanani na weusi wa mpira. Matundu ya mtu mwingine, yamezibwa, yakapigwa msasa na polishi. Kuziba matundu si kosa, kanuni zinaruhusu, hata mimi ningenunua kwa dola 60 nikiambiwa ukweli. Huyu kauza mtumba kwa bei ya mpya na kuupaka rangi ili nisijue!

Nimempigia. "Kaka, rudi mazoezini." Kisha akaifungia namba yangu.

Mtu huyu asikanyage ligi yoyote tena. Asiguse mpira wa mtoto wa mtu. Arudishe hela ya kila mmoja, na mashine yake iuzwe tulipane! Mlotobolewa naye, futeni mipira yenu leo usiku, na tukiwa wengi twende pamoja mahakamani kwa kesi ya madai madogo. Tishu ninayo, nimeihifadhi kwenye mfuko wa plastiki, na picha zipo.

Dalili zilikuwepo. Boksi lilishafunguliwa. Namba ya mpira imekwaruzwa, nikaambiwa ni usafirishaji. Maandishi ya kuchonga yamepungua kina kwa sababu ya msasa. Na huo mlango wa gereji: mtoboaji asiyetaka usimame umwone, chukua mpira wako uondoke.

Jumatano nakuja na mpira wangu wa zamani. Huu utakuwa kwenye buti la gari, anayetaka kuiona miduara aje na tochi.