Supu ya Asubuhi Upanga kwa Waliotoka Kutoa Damu ya Vipimo

Mtu aliyefunga kula tangu saa mbili usiku kwa ajili ya kipimo cha sukari na mafuta, akitoka maabara saa moja na nusu asubuhi hana subira ya kusomewa menyu. Mgahawa huu mdogo wa Upanga, jirani na Hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, unalijua hilo. Sufuria la supu linakuwa limeshaiva, na mume na mke wanakula na kuinuka ndani ya nusu saa.

Kabla ya kuagiza, hakikisheni kweli mmemaliza. Kile kipimo cha kunywa glukosi gramu 75 kina damu ya pili baada ya saa mbili, na katikati huli chochote. Andazi moja tu linaharibu kila kitu, mnarudishwa siku nyingine. Kama mmeandikiwa kipimo cha sukari ya baada ya chakula, saa mbili zinahesabiwa tangu tonge la kwanza, kwa hiyo angalia saa bakuli linapofika mezani. Pamba nayo ibonyezwe kama dakika tano, mkono ukiwa umenyooka. Kukunja kiwiko kunasaidia damu kuvujia chini ya ngozi. Trei hapa unajibebea kutoka dirishani, basi tumia mkono usiochomwa.

Supu ya ng'ombe ndiyo ya kufuata. Imechemshwa taratibu na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, haina royco wala unga wa kuizidisha uzito, na nyama inaachia mfupa bila kuvutwa. Tatizo ni mahali upawa unapopita. Mpakuaji akichota juu juu, bakuli linakuja na duara za mafuta ya njano zinazoganda pembeni supu ikipoa. Mwambie asukume mafuta kando achote chini, hakatai. Limau kamua mwenyewe, ila chumvi onja kwanza, hasa mwenye presha, maana wameshatia ya kutosha.

Chapati nzuri ni ile inayotoka kikaangoni, ikipasuliwa unaona matabaka. Zilizolala kwenye hotipoti zimelowa mvuke na zinanata, na wakizipasha wanaongeza mafuta tena. Moja mkigawana na bakuli mbili za supu inatosha kabisa. Asiyetaka ngano achukue mtori: ndizi zimepondwa zikalainika, nyama imo, na tumbo lililokaa tupu usiku kucha linaupokea vizuri. Usiupe sifa ya chakula cha sukari kidogo, lakini. Ndizi zile ni wanga mtupu.

Chai ndiyo inayouangusha mgahawa. Ya maziwa inapikwa na sukari humo humo, tamu kupita kiasi, na hakuna namna ya kuipunguza. Agizeni ya rangi, na mseme "bila sukari" kabla mhudumu hajamimina, kwa sababu hata birika la rangi kuna siku linakuja limeshakolezwa. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu nne za sukari, na kikombe cha hapa kina ladha ya vijiko vitatu kwenda juu.

Anayetumia metformin, dawa ya kisukari, aimeze akiwa anakula. Wa glibenclamide au insulini, dawa nazo za kushusha sukari, asikae foleni ya mapokezi akisubiri majibu huku tumbo ni tupu. Aje ale kwanza, kwani sukari ikimshuka ataanza kutetemeka na kutoka jasho. Vidonge vya madini ya chuma visubiri, visiandamane na chai, kwa kuwa chai inazuia madini hayo kufyonzwa.

Noti ya elfu kumi inawatosha wawili na chenji inarudi. Kongoro huisha mapema. Ukichelewa hadi saa tatu utakuta utumbo tu.